Narsimhulu na Waraka wa Mtengenezaji

Aliyeangusha kitu chini ya kitanda anaweza kukitamani akiwa wima mpaka jua litue, nacho kitabaki huko huko. Sharti apige magoti, avumilie vumbi, mgongo umuume. Ndiyo maana ya methali isemayo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wako wanaofunzwa methali hii na wazazi. Narsimhulu alifunzwa na hofu.

Alikuwa fundi wa mtandao katika hospitali moja ya Hyderabad, mtu wa makamo, mpole, asiye na makuu. Siku moja aliambiwa aunganishe wodi mpya. Akapekua intaneti, akaokota amri ya mstari mmoja iliyoandikwa na mtu asiyemjua, akainakili vivyo hivyo kwenye mtambo wa mtandao. Lo! Amri ile haikuiongeza wodi mpya kwenye orodha ya wodi zilizounganishwa. Iliifuta orodha nzima, ikabakiza wodi hiyo moja tu. Mezani pa wauguzi, vioo vinavyoonyesha mapigo ya moyo ya wagonjwa mahututi vikazimika kwa pamoja. Kwa dakika kumi na moja Narsimhulu alisikia viatu vya wauguzi vikikimbia kutoka kitanda hadi kitanda. Mungu saidia, hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo kila alipogusa kibodi vidole vilimtetemeka.

Mkuu wake, Bi Padmaja, hakumfokea, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwambia kwa upole kwamba apate cheti cha juu cha mitandao kabla ya mwaka kwisha, la sivyo asiguse tena mtambo wowote wa hospitali hiyo.

Basi akajiunga na darasa la asubuhi kule mtaa wa Ameerpet, ambako tangazo la masomo hubandikwa juu ya tangazo jingine hadi ukuta hauonekani. Vijana wakamwita mjomba. Nyota yao alikuwa Chaitanya, kijana wa maneno mengi, aliyekariri maswali ya mtihani yaliyovuja pamoja na majibu yake. Narsimhulu yeye alisoma waraka uliotolewa na mtengenezaji wa mitambo yenyewe, maelfu ya kurasa, kavu kama idli ya jana, mkate wa mchele uliolala. Wala hakugusa kisanduku cha kutafutia, kwa kuogopa kuokota tena mstari usio na kichwa wala miguu. Kila mara aliingia kwa kile alichowaambia wenzake ni mlango wa mbele: kwanza aina ya mtambo, kisha toleo lake, kitabu, sura, na sura aliisoma yote hadi tahadhari zilizoandikwa mwishoni kwa herufi ndogo.

“Mjomba, huo waraka utaumaliza ukiwa na vitukuu,” Chaitanya alimtania siku moja wakinywa chai. “Chukua majibu haya bwana, siku tatu tu umeshayameza.”

“Nilishameza jibu la mtu,” Narsimhulu akasema. “Nusura liue watu.”

Wenzake waliangua kicheko, naye akarudi kwenye sura yake. Usidhani alikuwa jasiri. Aliogopa kuliko wote mle darasani.

Siku ya mtihani ilipowadia, wawili hao walipanda treni moja hadi Bengaluru. Ulikuwa mtihani wa vitendo, kutwa nzima mbele ya mitambo. Msimamizi akatangaza kuwa simu zibaki nje na intaneti imefungwa. Kilichoachwa wazi ni waraka wa mtengenezaji peke yake, tena kisanduku chake cha kutafutia kimezimwa. Chaitanya uso ukamsawijika.

Baada ya adhuhuri ikaja kazi ya sita: ongeza njia mpya kati ya mitambo miwili bila kuzikata zilizopo. Narsimhulu akaganda. Ilikuwa kazi ile ile ya wodi, ila kwa mtambo wa aina nyingine ambao amri zake hakuzikumbuka. Viatu vya wauguzi vikaanza kukimbia masikioni mwake. Dakika zikayoyoma, akatamani kuinuka ajiendee zake. Mwishowe akafanya alichozoea: akaufungua waraka kwa mlango wa mbele. Aina, toleo, kitabu, sura. Chini kabisa akaikuta tahadhari: usipotaja kwamba unaongeza, orodha yote ya zamani itafutika. Akaandika, akafumba macho, akabonyeza. Alipoyafumbua, njia zote zilikuwa hai.

Meza ya pili, Chaitanya alikuwa ameandika jibu lililovuja, na mitambo yake yote ilikuwa imenyamaza. Aliufungua waraka, akahangaika humo kama mgeni sokoni, mpaka muda ukamwishia.

Katika treni ya kurudi Chaitanya hakumtania mtu. Karibu na Hyderabad ndipo aliponong’ona, “Mjomba, ule mlango wenyewe unaanzia wapi?”

Narsimhulu alifaulu. Wiki iliyofuata Bi Padmaja alimwita aunganishe wodi nyingine, akasimama nyuma yake akaviona vidole vinavyotetemeka.

“Bado unaogopa?”

“Naogopa, mama. Ndiyo maana asubuhi nimeisoma sura yote tena.”

Akabonyeza, akatega sikio. Ukumbini wauguzi walikuwa wakitembea polepole, mmoja akicheka. Hapo ndipo pumzi zilipomshuka, na mimi nasema walionena hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.