Dawa ya Kwikwi ya Sultani Haidari

Hapo zamani, katika mji wa Mwangaro, kwikwi ya maskini ilikuwa kwikwi tu, bali kwikwi ya sultani ilikuwa msiba wa mji mzima. Na sultani wa mji huo aliitwa Haidari, mkarimu wa mkono, mwepesi wa hasira, na tumbo lake, Mungu amsitiri, halikujua subira.

Basi siku ya Jumatano, baada ya alasiri, Sultani Haidari alishikwa na kwikwi. Wala si kwikwi hii yetu ya kunywa funda la maji ikaisha! Ilimrusha kitini hata kilemba kikamkaa upande. Akitoa amri, inakatika katikati. Akitoa salamu, aliyesalimiwa hucheka, kisha hujuta. Na Ijumaa, baada ya sala, ndiyo siku aliyokuwa amwoze binti yake. Kadhi akamwambia wazi, "Maulana, maneno ya kuozesha hayasemwi vipande vipande. Ukikatwa na kwikwi katikati, mimi sitajua umemwoza nani kwa nani."

Ikawa pilikapilika. Kila mwenye mdomo akaleta dawa. Mmoja akasema anywe mafunda saba bila ya kuvuta pumzi. Akanywa, na la saba likamtokea puani. Yaya aliyemlea akachomoa uzi katika kanga yake, akaulowesha mate, akambandika kwenye paji la uso kama afanyiwavyo mtoto mchanga, na Sultani akashinda barazani na uzi wake, watu wakitazama miguu yao. Wakamlambisha sukari, wakamnusisha pilipili manga, wakamziba masikio. Wapi!

Ikabaki ile dawa ya watu wote, ya kumzushia mwenye kwikwi wizi ili ashtuke. Waziri Abdurabi akaombwa aifanye. Akainama hadi chini, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Maulana, uniwie radhi, nasikia ati umeiba sindano."

Sultani akamtazama. "Nchi yote hii ni yangu, Waziri. Nitaiba sindano ya-kwi!-ya nani?"

Waziri alipoona ameaibika, akatafuta wa kumtupia. Akasema kwikwi haiji bure, humjia mtu akitajwa kwa ubaya. Na amtajaye Sultani kwa ubaya si mwingine ila mpishi wake, kwani Jumatano ileile vitumbua sita vya sadaka ya mayatima vilitoweka jikoni, na mpishi alipoulizwa akainamisha kichwa asijibu neno. "Kaiba sadaka, na sasa anakusengenya," akasema. Sultani akatazama pembeni, akasema, "Na a-kwi!-afungwe." Ikaamriwa kwamba Ijumaa hiyohiyo mpishi anyolewe kichwa, afukuzwe mjini, asirudi tena maisha.

Mpishi huyo aliitwa Mwanakheri, na mumewe ni Sadala, msuka mikeka, fukara wa kutupwa, ambaye watu walimwita punguani kwa sababu kila aambiwalo hulichukua kama lilivyosemwa. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Nisukie mkeka ambao mji huu haujaona mfano wake," naye akamsukia wa pembe tatu. Lakini punguani huyo alimpenda mkewe pendo la kweli, na aliposikia hukumu ile, ukili wa mkeka ulimwanguka mkononi. Alhamisi asubuhi akaenda dirishani mwa ghala alimofungwa mkewe.

"Mke wangu, umevila?"

"Sadala! Hata na wewe?"

"Nauliza nijue pa kuanzia."

Mwanakheri akashusha sauti. "Alivila yeye mwenyewe, Sultani. Nilitoka uani kuchukua kuni, niliporudi nikamwona kwa macho yangu. Kafunua kawa, anavimeza vya moto, hatafuni, na jicho liko mlangoni. Hata hajafika barazani, kwikwi imeshamshika."

"Na hukusema?"

"Niseme Sultani mwizi? Wataacha nywele wanyoe shingo! Nani awezaye kulisema neno hilo, mume wangu, akabaki hai?"

Sadala akaketi chini ya dirisha lile akalia, wala hakuona haya. Mara akajipangusa macho, akaanza kucheka peke yake hata mlinzi akasogea mbali. "Yuko mtu mmoja," akasema, "nami nakwenda kumtafutia kanzu safi."

Ijumaa asubuhi akaingia barazani, kanzu ya kuazima imemfika magotini. "Maulana," akasema, "mimi Sadala, msuka mikeka, nimekuja kukata kwikwi yako. Ikikatika, nipe mke wangu."

Sultani alikuwa amechoka na dawa za watu, mapua yanamuuma kwa pilipili. Akasema, "Haya, mume wa mwizi! Lakini dawa yako nisiinywe, nisiilambe, nisipakwe, nisi-kwi!-nisinusishwe, wala mkono wako usinifikie. Ukishindwa, utatoka mjini na mkeo, nawe umenyolewa vilevile."

Watu wa baraza wakacheka. Dawa gani hiyo isiyoingia wala isiyogusa?

"Sikio halipiti kichwa, Maulana," akajibu Sadala. "Umesema isinywewe, isilambwe, isipakwe, isinuswe, nisikuguse. Nimesikia yote matano. Hukusema isisikiwe. Lakini dawa yangu ni chungu, nami naomba amani mbele ya kadhi, kwamba litakalonitoka kinywani ni dawa, na mganga haadhibiwi kwa uchungu wa dawa."

"Umepewa a-kwi!-amani." Na kadhi akashuhudia.

Basi Sadala akajinyoosha, akamkazia Sultani kidole, akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni. "Mwizi wewe! Jumatano baada ya alasiri umenyemelea jikoni, umefunua kawa, umekula vitumbua vya mayatima! Hukutafuna, hukupiga bismillahi, huku unachungulia mlango kama paka! Mwizi!"

Salaale! Waziri akafumba macho asione damu. Sultani kinywa wazi, uso umemsawijika, mikono imeng'ang'ania kiti. Wakangoja. Wakangoja tena. Kwikwi haikuja.

"Mkamateni!" akapiga kelele Waziri.

"Amani imekwisha kutolewa," akasema kadhi, "na kwikwi imekatika."

Hapo watu wakashusha pumzi, wakaanza kupongezana. "Kumbe dawa! Kumbe alikuwa anamzushia tu!" Sultani naye akapata kicheko kidogo. "Ndiyo, ndiyo, kanizushia tu. Dawa nzuri hii."

"Uzushi mtupu, Maulana," akajibu Sadala kwa adabu. "Lakini maneno hayahaya ndiyo yaliyomfunga mke wangu, naye hana kwikwi. Mbona ametiwa dawa asiyoihitaji?"

Sultani akajikuna shingo. "Ya mkeo ni mengine. Vitumbua vile kala mpishi, hapana mwingine. Mimi siku ile sikukanyaga ji-kwi!"

Baraza zima likamgeukia.

"Nasema sikuka-kwi!"

Sadala akakunja mikono ya kanzu ya watu, akasogea hatua moja. "Imebaki kidogo, Maulana. Ngoja nikupe ya pili. Hiyo ndiyo inayoeleza ulipopangusia mafuta ya mikono."

"La! La, Sadala, yatosha!" Sultani akasimama, jasho linamtiririka. Akawatazama watu wake mmoja mmoja, kisha akashindwa kuwatazama. "Nilivila mimi. Harufu ilinishinda. Wala havikuwa sita. Hivyo ni vya sinia la kwanza. Vya sinia la pili hakuna aliyevihesabu."

Watu wakategea sikio. Kimya. Kwikwi ilikuwa imekwenda zake, na safari hii haikurudi. Sultani akashika tumbo lake, akalitazama kama mtu atazamavyo mtoto mtukutu, akaangua kicheko, na baraza zima likacheka naye, isipokuwa Waziri aliyekuwa anatafuta viatu vyake.

Mwanakheri akatolewa ghalani, nywele zake kamili kichwani. Sultani akamwomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo Mwangaro haikupata kuliona. Naye akajibu, "Nimekuwia radhi, Maulana. Lakini siku nyingine bisha hodi, nikupozee kwanza."

Basi binti akaozwa kwa maneno mazima yasiyokatika, mayatima wakatangulia kuketi kwenye karamu kabla ya wakubwa, na Sadala akapewa joho na ng'ombe wawili wa maziwa. Na hata sasa, katika mji ule, mtu akishikwa na kwikwi huitiwa mwizi. Isipomkatika, hupewa maji na pole. Ikimkatika papo hapo, watu hutazamana, kisha kila mmoja huenda kwake kuhesabu kuku.