Chuma cha Mashimo Saba

Kitumbua cha leo, mafuta ya jana. Mmeisikia jikoni asubuhi hii, na sasa mnataka kujua nani aliisema kwanza. Haya, sogeeni. Ilianzia Pangani, na chanzo chake ni kutu.

Mwatime alirithi kwa bibi yake, Bi Mwanahamisi, chuma cha kupikia vitumbua chenye mashimo saba. Bibi alipougua, chuma kilisahaulika uani, kikanyeshewa masika yote mpaka kikawa chekundu. Na kabla ya kufariki aliusia jambo moja tu: vitumbua vya hitma yake ya arobaini avipike Mwatime, kwa chuma kile kile.

Siku nne kabla ya hitma, Mwatime alikisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi. Kutu ikatoka. Lakini binti yule alipenda usafi kupita kiasi, akaona hata ule weusi wa chuma ni uchafu. Akasugua mpaka kikang'aa. Hakuwa na wasiwasi, maana mtaa mzima ulimsifu kwa mkono mwepesi. Tangu aanze kupika kwa chuma hicho cha bibi, kitumbua chake hakijawahi kushika.

Akamimina uji wa mchele. Vyote saba vikashika, vikatoka vipande vipande. Akarudia, yakawa yale yale. Akakaa chini akalia, kwa kuwa wosia wa marehemu haufanyiwi mchezo.

Shangazi yake, Bi Zuwena, alimkuta katika hali hiyo. Akakigeuza chuma. Chini yake, palipokuwa na masizi, sasa zilionekana tarakimu zilizochongwa kwa patasi: 1342.

"Unaujua mwaka huu?"

"Siujui, shangazi."

"Ni wa Hijria. Ndio mwaka alioolewa mama yake bibi yako, akaja nacho nyumba hii. Leo tuko elfu moja mia nne na tano. Hebu hesabu."

"Sitini na mitatu."

"Basi ule weusi ulioupiga mchanga ni mafuta ya miaka sitini na mitatu. Umekitoa kutu, ukakivua na nguo."

Mwatime akainamisha kichwa. "Kumbe haukuwa mkono wangu."

"Mkono ni wako, mwanangu. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yao, bibi yako na mama yake."

Siku tatu walikipaka mafuta ya nazi, wakakiweka juu ya makaa mpaka mafuta yakauke, wakapaka tena. Weusi ukarudi kidogo kidogo.

Siku ya hitma Mwatime alipiga bismillahi, akamimina, akachokoa kwa kijiti. Kitumbua kikageuka bila kung'ang'ania. Alishukuru huku machozi yakimtoka. Sahani ya kwanza aliipeleka kwa wasomaji, akawaomba wamrehemu na mama yake bibi, ambaye hakuwahi kumwona.

Jirani mmoja akaonja, akamsifu kwa ule mkono wake mwepesi. Mwatime akatabasamu.

"Kitumbua cha leo, mafuta ya jana."