Makaa ya Radojko

Aliyemfukuza jirani ataomba moto kwa ukuta. Mmemsikia muuza jibini akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliokuwa wakigombana sokoni, nanyi wajukuu zangu mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi yalianzia huku huku kwetu Serbia, katika kijiji kilicho mlimani juu ya mji wetu.

Kijiji kilikuwa kimebaki mahame. Vijana walikwenda viwandani, wazee wakafa, zikasalia nyumba mbili tu: ya Radojko na mkewe Stamena, na ya Milentije, aliyefiwa na mke. Kati yao palikuwa na miti michache ya plamu, na kila mmoja alisema ni yake. Radojko akashtaki mjini.

“Tumebakiwa na huyu tu,” Stamena alimsihi. “Mwachie.”

“Haki ni haki,” akajibu, na kesi akashinda.

Milentije aliuza ng'ombe wake, akafunga mlango, akahamia mjini kwa binti yake.

Majira ya baridi Stamena akashikwa na homa. Theluji ikaziba njia. Radojko alimuuguza mpaka usingizi ukamshinda, na alipoamka asubuhi jiko lilikuwa limezimika, kiberiti kimelowa. Kwa mazoea alichukua koleo, akakimbilia kwa Milentije kuomba makaa. Akagonga. Akaita jina ambalo hakuwa amelitamka tangu ugomvi uanze. Ndipo akakumbuka. Akabaki amesimama, kiganja kimeegemea ukuta, na ukuta ni baridi.

Aliteremka mjini kwa miguu kutafuta msaada, akipasua theluji kwa koleo. Aliporudi na watu, Stamena alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi alimwendea Milentije.

“Rudi nyumbani, ndugu yangu. Miti yote chukua.”

Milentije akamjibu: “Nilipofiwa, Stamena ndiye aliyenipikia. Kwa ajili yake ningetoka usingizini bila viatu. Lakini hukuniacha pale ambapo ungeniita nikaitika.”

“Nimekosa.”

“Umekosa, ndiyo. Nami sirudi.”

Radojko akapanda mlima peke yake. Plamu zilidondoka zikaoza, maana hakuzigusa tena. Kila siku ya gulio alishuka kununua viberiti, akajaza mifuko yote ya koti, akarudi mlimani. Wanawake wa sokoni walimsindikiza kwa macho, kisha wakageukiana wakanong'ona: aliyemfukuza jirani ataomba moto kwa ukuta.