Wenye Nywele na Wenye Manyoya

Zamani za kale, watoto, kabla wanyama hawajaacha kupika na kufagia nyua zao, Pimbi alikuwa na nyumba chini ya jabali, na ndani ya nyumba alikuwa na mke, Bi Sikudhani. Bi Sikudhani aliugua. Baadaye akafa. Alizikwa upande wa jabali unaopata jua la asubuhi, kwa sababu aliupenda.

Matanga yakawekwa. Matanga ya wanyama yalikuwa hivi: ndugu wa marehemu walikaa na mfiwa, wakalala kwenye mikeka na kula chungu kimoja, mpaka siku ya kunyolewa. Siku hiyo kila ndugu alinyolewa nywele, mikeka ikakunjwa, msiba ukaisha. Majirani walikuwa habari nyingine. Jirani alizika, akatoa pole, akaenda zake. Akirudi, alirudi na kuni au unga.

Simba, Fisi na Kiboko walikuja mikono mitupu. Wote watatu walisema kwamba wao ni ndugu.

"Marehemu alikuwa dada yangu," alisema Simba. "Tuliota jua juu ya jabali moja."

Aliyemjibu alikuwa Shangazi, yaani shangazi yake Bi Sikudhani, mzee mwenye macho makali na wembe mkali zaidi, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiwanyoa wafiwa wa ukoo wao. "Mliota kwa zamu," alisema. "Wewe ukipanda, yeye anashuka. Tena kwa mbio."

"Hata hivyo jabali ni moja."

"Mama yangu na mama yake walichota maji bwawa moja," alisema Fisi.

"Na bwawa ni langu," alisema Kiboko. Hakuwa na maelezo zaidi. Aliketi, na mkeka ukachanika, chwaa.

Pimbi aliwakaribisha. Mfiwa hamfukuzi mtu aliyekuja kulia. Hilo lilikuwa mwiko, kama ilivyokuwa mwiko kumdhuru mfiwa ndani ya matanga. Hata Simba, ambaye siku nyingine angemla Pimbi bila kukaa chini, aliuheshimu mwiko huo na akaridhika kumlia akiba.

Wakala. Walikula mtama wa ghalani, kisha kunde, kisha viazi. Kiboko alikuwa anafungua mdomo, anamimina chungu, gubu, halafu anauliza kama watu wameanza kula. Watoto wa Pimbi walibaki wakikwangua ukoko. Hakuna mgeni aliyelia, isipokuwa Fisi, naye alilia siku chungu kilipochelewa.

Mwishowe ndani ya nyumba ile kukabaki kitu kimoja tu cha kuliwa. Kilikuwa kibuyu cha mbegu ya mtama, ambacho Bi Sikudhani alikining'iniza juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Alikuwa amezichagua punje zile mwenyewe, moja moja. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mbegu zile zikipandwa, watoto wangekula mwaka ule. Zikipikwa, wasingekula.

Simba alikiona kibuyu.

"Shemeji," alimwambia Pimbi, "kile nini kinaning'inia?"

"Mbegu, shemeji."

"Mbegu za nini?"

"Za mtama."

"Mtama ni mtama," alisema Simba. "Kesho mtushushie. Ndugu hawawezi kumlilia dada yao wakiwa na njaa."

Pimbi alitoka nje, akamkuta Shangazi anapepeta pumba zilizobaki, ambazo zilikuwa pumba tupu.

"Wafukuze," alisema Shangazi, bila kuinua kichwa.

"Siwezi. Ni mwiko."

"Basi waambie kwamba si ndugu."

"Watasema ni ndugu. Wamesema tangu siku ya kwanza. Nimefikiri, Shangazi, itabidi waseme wenyewe kwamba si ndugu."

"Watakisemaje kitu kinachowanyima chakula?"

"Nikiwauliza juu ya chakula hawatasema," alisema Pimbi. "Nitawauliza juu ya nywele. Nolea wembe pale mlangoni, wausikie."

Shangazi akaacha kupepeta. Akaenda kutafuta jiwe la kunolea.

Asubuhi wageni waliamka kwa sauti ya wembe. Shwa, shwa, shwa.

"Ndugu zangu," alisema Pimbi, "leo tunanyoana. Nitaanza mimi, nyinyi mtafuata. Lakini mjue desturi ya ukoo wa marehemu. Wanaonyolewa ni wenye nywele. Mwenye manyoya haguswi. Kwa hiyo kila mmoja atasema mbele ya wote: ana nywele, au ana manyoya?"

Wageni wakatazamana. Simba akapitisha mkono kwenye shungi lake, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

"Tofauti ni nini hasa?" aliuliza Fisi. "Vyote vinaota."

"Swali zuri," alisema Shangazi. "Nywele ni zile ambazo ukizinyoa, watu njiani wanakuuliza: pole, umefiwa na nani? Manyoya ni yale ambayo ukiyanyoa, wanakuuliza: pole, ni upele?"

Fisi alifikiri juu ya jambo hilo. Alijiangalia mgongoni, ambako kulikuwa na mabaka na sehemu zilizonyonyoka kidogo.

"Basi mimi nina manyoya," alisema. "Hilo halina mjadala. Na wewe Pimbi, usitufanye wajinga. Yamekuota kuanzia puani hadi kisiginoni. Nani amewahi kuona nywele za kisigino? Hayo yako ni manyoya matupu."

Pimbi alikwenda akaketi kwenye kigoda mbele ya Shangazi.

"Nianzie wapi, mkwe wangu?" aliuliza Shangazi.

"Kichwani."

"Niishie wapi?"

"Mpaka ziishe."

Kwaru, kwaru, kwaru. Shangazi alinyoa kichwa, akanyoa shingo, akanyoa mgongo, tumbo, mikono na miguu. Ilichukua muda. Wembe ulipomaliza visigino, Pimbi alisimama, mdogo kuliko walivyodhani, ngozi yake ya kijivu ikitetemeka kwa baridi.

"Alikuwa mke wangu," alimwambia Fisi. "Zote zilikuwa nywele."

Fisi akatazama pembeni. Aibu ilimpata, ila haikukaa. "Mimi nimeshasema," alisema. "Manyoya. Tule sasa."

"Nimekusikia," alisema Shangazi. "Na wote wamekusikia. Mimi nimewanyoa wafiwa wa ukoo huu tangu ujana wangu, na sijapata kumwona ndugu wa Sikudhani aliyekosa nywele za kunyoa katika msiba wake. Kwa hiyo wewe ni jirani. Tunashukuru kwa kuja, jirani. Kuni ziko wapi?"

"Kuni gani?"

"Jirani akirudi matangani huja na kuni. Nenda kazilete."

Fisi aliwatazama wenzake, nao wakatazama paa. Akatoka, kwa ule mwendo wake wa kuchechemea, na hakuonekana tena, wala kuni hazikuonekana.

"Mimi ni rahisi," alisema Kiboko. "Sina nywele. Sina manyoya. Nimetakata. Endeleeni."

"Na hizo mdomoni?" aliuliza Pimbi.

Kiboko aligusa zile chache ngumu zilizosimama juu ya mdomo wake kama visiki shambani. "Hizi ni za kuonjea maji," alisema.

"Za kuonjea maji," Shangazi alirudia. "Mwana wa ukoo wetu huzaliwa na nywele, na akifiwa huzitoa. Wewe hukuzaliwa na kitu, na huna cha kutoa. Hata ujirani wako naanza kuutilia shaka."

"Lakini bwawa ni langu," alisema Kiboko.

"Basi bwawa linakungoja."

Kiboko akainuka, akatoka, na kizingiti kikatoka naye, kraa.

Akabaki Simba. Alikuwa ameyaona yote, na hakuwa mjinga. Alikuwa ameelewa kwamba mwenye manyoya anakosa chakula. Akanguruma kidogo, akatabasamu.

"Mimi, shemeji, nina nywele," alisema. "Tena nyingi. Mimi ni kaka yake kabisa. Teremsheni kibuyu."

"Nimefurahi kusikia hivyo, shemeji," alisema Pimbi. "Karibu kigodani. Ukishanyolewa, nitakiteremsha kwa mikono yangu."

Simba hakuwa amefika mbali kiasi hicho katika mawazo yake. Alitazama kibuyu. Alitazama kigoda. Tumbo lake likanguruma kwa niaba yake, akaenda akaketi.

Shangazi alilazimika kusimama juu ya kinu ili amfikie. Kwaru. Kishungi kimoja kikaanguka sakafuni. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, na kirefu kuliko Pimbi.

Simba alikitazama. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Zinachukua muda gani kuota?"

"Zangu sijui," alisema Pimbi. "Zako, labda kufikia masika mengine."

"Na huko nje wataniuliza?"

"Watakuuliza umefiwa na nani," alisema Shangazi. "Nawe utasema: nimefiwa na dada yangu, pimbi. Geuka kidogo, nifike kwenye kisogo."

Simba hakugeuka. Mbele ya macho yake walipita nyati na pundamilia wote, mmoja mmoja, wakimpa pole.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "haya ni manyoya."

"Umesema nywele, mkubwa wetu. Mbele ya mfiwa."

"Nilikosea. Ni manyoya. Baba yangu alikuwa na manyoya, na babu yangu pia. Katika nyumba yetu hakujawahi kuwa na nywele hata moja."

"Kwa hiyo Sikudhani hakuwa dada yako?"

Simba aliinamia mtungi wa maji kuona kama pengo la shungi linaonekana. Lilionekana. "Tulifahamiana," alisema. "Kwa mbali."

"Pole na msiba wa jirani yako," alisema Pimbi. "Njia ni ile pale. Kuni kavu ziko nyuma ya kilima."

Simba alisimama mlangoni, pale palipokuwa na kizingiti, akageuka. "Pimbi. Umenidanganya?"

"Nimekuuliza, jirani. Umejibu mara mbili."

Simba akaondoka, ameinamisha kichwa upande mmoja ili kishungi cha kulia kifunike pengo la kushoto. Shangazi alifagia sakafu, akakunja mikeka, hata ule uliochanika.

Mvua ilianza kabla ya jua kuwa kali. Pimbi aliteremsha kibuyu, akatoka na watoto wake shambani, wakachimba mashimo na kudondosha punje. Mvua ilimpiga mgongoni mpaka kwenye ngozi, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia, naye akaendelea kupanda mpaka kibuyu kikawa chepesi.

Na fundisho lake, watoto, ni hili: anayedai undugu mbele ya chungu, mwoneshe kwanza wembe.