Mbega Alivyopata Sauti

Ninyi mnaosikia mbega wakinguruma alfajiri mkadhani wanaamkiana tu, tulieni niwaeleze. Kulikuwa na wakati ambapo mbega hakuwa na sauti hata ya kukohoa. Alikuwa mweusi tii mwili mzima, akitembea chini kama mbuzi, na hakuna aliyemjali.

Msitu huu, ambao leo una mabango ya hifadhi na askari wake, haukuwa na mpaka. Watu wa kijiji cha Kwemvumo walilima hadi kwenye mizizi ya miti mikubwa. Lakini walikuwa na mwiko mmoja: mtu akishaingia msituni, hapazi sauti. Wazee walisema chui hufuata sauti ya binadamu kama inzi afuatavyo kidonda. Basi watu waliokota kuni kimya kimya, na waliopotea walipotea kimya kimya.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, binti aitwaye Mkunde. Asubuhi moja Mkunde alitangulia kuokota kuni, mama yake akabaki akipalilia maharage. Mara ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukafunika miti, ukafunika shamba. Nakijwa alisubiri. Alisogea hadi ukingoni mwa msitu, akarudi, akasogea tena. Kila jani lililodondoka lilimshtua.

Senzige, jirani yake, akatokea huko msituni akihema.

"Mama Mkunde, usiingie! Nimeona nyayo za chui, mbichi kabisa."

"Mwanangu yumo humo."

Senzige akainamisha kichwa. "Basi nenda, lakini chonde, funga mdomo. Ukimwita yeye, umemwita na chui."

Nakijwa akajitanda shuka lake jeupe, akaingia. Jina la mwanawe lilimkwama kooni kama mfupa. Akauma pindo la shuka, jina hilo lisije likamponyoka. Hatua chache mbele alikuta kuni zimetawanyika njiani, na kamba ya Mkunde juu yake. Akaendelea hivyo hivyo, akishika mti huu na ule.

Ndipo alipowaona mbega. Walikuwa wamejikunyata chini, kundi zima, wote wakitazama upande mmoja. Nakijwa akafuata macho yao. Mkunde alikuwa juu ya mkuyu, amekumbatia tawi, na chui alikwisha kuanza kupanda, taratibu, kama asiye na haraka.

Mwiko ukamtoka Nakijwa kichwani. Alitupa shuka, akapiga ukelele wa jina la mwanawe, akaupiga tena na tena bila kuvuta pumzi. Mbega wakaruka kwa kiwewe, vinywa wazi, na sauti ile ikawaingia. Akanguruma mmoja, akafuata mwingine, hatimaye kundi zima, hata msitu ukatetemeka. Chui alidhani mlima unamwangukia. Akaporomoka, akatokomea ukunguni. Mbega nao wakaparamia miti, shuka likiwa limemnasa mkubwa wao mabegani.

Mkunde akashuka, akamkimbilia mama yake. Nakijwa akafungua kinywa amwite, hakikutoka kitu. Sauti yake yote ilikuwa imeondoka na mbega. Akampapasa mtoto uso, mabega, mikono, kama anayehakikisha ni mzima, na machozi yakimtiririka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakumwita tena mwanawe kwa jina.

Na tangu siku hiyo mbega huvaa nywele nyeupe mabegani, huishi juu mitini, na kukipambazuka hunguruma. Mkunde alipowasikia kesho yake, alisimama ukingoni mwa msitu akaitika, "Abee, mama!" ndipo akaingia. Wanawake wa Kwemvumo hufanya vivyo hivyo hadi leo, siku ambazo askari wa hifadhi huwaruhusu kuokota kuni. Husimama, husikiliza, huitika. Na asubuhi ambayo mbega wamenyamaza, hakuna anayeuliza kwa nini. Hukunja kamba zao, huwashika watoto mikono, hurudi nyumbani wakitazama nyuma.