Samaki Asiye na Kwao

Paukwa! Mbona kimya? Paukwa!

Pakawa!

Haya, songeeni moto. Ya leo haisikilizwi mgongo ukiwa gizani.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanahalima, mtunza samaki wa Jumbe. Uani palikuwa na mabirika mawili ya mawe, ukuta mmoja kati. Huku samaki wekundu, wapole. Kule samaki weupe, wenye meno.

Siku moja Jumbe akamwambia, "Nataka samaki mwekundu mwenye meno. Asiwe naye jumbe mwingine yeyote."

Mwanahalima hakuthubutu kukataa. Akatwaa nyundo, akaugonga ukuta. Samaki mwekundu mkongwe akatoa kichwa. "Mama, usituchanganye!"

Akagonga tena.

"Mama, usituchanganye! Atakayezaliwa atakuwa wa nani?"

Akagonga mara ya tatu. Ukuta ukaanguka, maji yakakutana.

Mayai yalipoanguliwa, vitoto vikaogelea ubavu-ubavu, vikafa. Akabaki mmoja, mwekundu kama damu, meno nje. Akakua, akakua, akakua.

Akawaendea wekundu. "Mimi ni wa kwenu?"

"Una meno wewe. Si wa kwetu."

Akawala wote.

Akawaendea weupe. "Mimi ni wa kwenu?"

"Na wekundu huo? Si wa kwetu."

Akawala wote.

Mwanahalima akamkimbilia Jumbe. "Bwana, birika limebaki na mmoja tu, naye amewala wenzake wote!"

Jumbe akacheka. Akaenda, akainama amtazame.

"Mimi ni wa kwako?" samaki akauliza.

"Wewe? Wewe ni pambo langu tu."

Chubwi! Maji yakafunguka, maji yakajifumba. Juu kikaelea kilemba.

Kisha jicho la samaki likamgeukia Mwanahalima.

"Mimi ni wa kwako?"

Mwanahalima akakitazama kile kilemba.

"Mimi ni wa kwako?"

Akakumbuka ile nyundo aliyoishika siku ile. Akasema, "Ni wa kwangu. Ukuta niliuvunja mimi."

Samaki akafumba kinywa. Akasogea taratibu mpaka ukingoni, akakilaza kichwa chake kizito kwenye mguu wa Mwanahalima. Kilikuwa baridi.

"Basi mama," akasema, "usiondoke."

Mwanahalima akaketi. Watu wa mji walimwita kutoka mlangoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuitika, wala hakuna aliyeingia kumtoa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayekwenda kuteka maji, aende na mwenzake.