Kaburi Katika Ardhi ya Baitulmali

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba kandokando ya mto mmoja mpana, katika nchi za Waislamu wa zamani, palikuwa na mashamba yaliyokuwa mali ya Baitulmali, yaani hazina ya Waislamu wote. Watawala wa mwanzo hawakutaka ardhi ile iuzwe. Waliikodisha kwa muda mrefu, kiasi cha umri wa babu na mjukuu wake, ili ilimwe isigeuke pori. Masharti yake kila mtu aliyajua. Mwenye kukodi alikuwa na haki ya kupanda, kuvuna, kuuza mazao yake, kujenga kibanda cha udongo, na kuwarithisha wanawe muda uliosalia. Hakuwa na haki ya kuiuza ardhi yenyewe, wala kujenga kwa mawe, wala kuzika maiti ndani yake.

Miongoni mwa wapangaji hao alikuwepo mkulima mchamungu aitwaye Dhakwani, akiishi na mkewe Ramla na binti yao Lubaba. Dhakwani hakuwa msomi, lakini Mwenyezi Mungu alimjaalia moyo wa kuuliza. Akienda kuswali hurudi amechelewa, kwa kuwa amemshika shekhe fulani mlangoni mwa msikiti.

Siku moja alimrudia mkewe, uso umemchangamka, akamwambia, "Mke wangu, mti ni wangu kwa kuwa nimeupanda mimi. Udongo ni wa Waislamu. Je, mti ukianguka, ule udongo ulioshikamana na mizizi ni wa nani?"

Ramla alicheka. "Shekhe kakujibu nini?"

"Kaniambia nimwache mpaka Ijumaa."

Basi wakaishi hivyo, wakitafuta riziki ya halali, hadi Dhakwani alipopatwa na maradhi ya kifua, nguvu zikamwishia. Alikuwa akilazwa kwenye mkeka nje ya kibanda, akiitazama mikomamanga aliyoipanda kwa mkono wake. Asubuhi moja alimwita mkewe akamwambia, "Ramla, tangu nizaliwe sijawahi kumiliki hata shubiri ya ardhi. Nikifa, nizike hapa, chini ya miti yangu."

Ramla akaitazama ile miti. Kisha akasema, "Unayajua masharti."

"Nayajua. Lakini Jundubu alimzika baba yake shambani kwake, na hakuna aliyemuuliza."

Jundubu alikuwa jirani yao wa upande wa chini, na aliyoyasema Dhakwani yalikuwa kweli. Tena palikuwa na jambo jingine lililowatia watu tamaa. Maafisa wa Baitulmali waliona haya kuligusa shamba lenye maiti. Muda wa mkataba ukiisha, shamba lenye kaburi waliliruka, likabaki mikononi mwa watu wale wale bila kuulizwa. Na muda wa shamba la Dhakwani ulikuwa umekaribia mno kumalizika.

Jundubu mwenyewe alikuja kumjulia hali mgonjwa, na alipokuwa akiondoka alimvuta Ramla kando akamwambia, "Bibi, usiwe mzito wa kuelewa. Kaburi moja tu, na shamba hili litakuwa lako na la binti yako daima. Utakuwa umemtimizia mumeo wasia wake na umejilinda. Nani atakulaumu?"

Ramla alirudi kwa mumewe akaketi karibu naye, akamwambia, "Bwana wangu, maisha yako yote umekuwa ukiuliza kwanza. Hili nalo niruhusu nikaulize."

Macho yakamlengalenga Dhakwani. "Nenda," akasema. "Nami natamani kulijua jibu."

Ramla akafunga safari hadi mjini kwa Kadhi Miswari, mtu aliyesifika kwa uadilifu na upole. Akamweleza habari yote bila kuficha. Kadhi akastaajabu, akamuuliza, "Watu wa mtoni hawaji kwangu kwa swali hili. Wewe kilichokuleta ni nini?"

"Sijui, ewe Kadhi, kwa nini kaburi limekatazwa na mti umeruhusiwa. Vyote viwili vimo ardhini. Mti wa komamanga huchukua nafasi kubwa kuliko mume wangu."

Kadhi akatabasamu. "Swali jema," akasema. "Mti una umri. Utazaa, utakauka, utakatwa. Kaburi halina muda, kwa kuwa maiti wa Muislamu hafukuliwi kwa sababu mkataba umekwisha. Wewe umepewa ardhi kwa muda. Utampaje mtu kitu kisicho na mwisho kutoka katika kitu chenye mwisho?"

Ramla akayapima maneno yale moyoni, akayaona ya haki, nayo yakamuuma. "Na nikiomba idhini ya mtawala?"

"Omba, ni haki yako. Akikubali, mzike. Ila mtawala yuko mbali mipakani, na huenda jibu lisimkute mumeo hai."

"Swali la mwisho, ewe Kadhi. Hamu yangu ya kumtimizia mume wangu, je, ni dhambi?"

"Hasha. Si dhambi," akajibu Kadhi Miswari. "Lakini si idhini pia."

Aliporudi, Ramla alimsimulia mumewe neno kwa neno. Alihofu atahuzunika. Dhakwani alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Kisicho na mwisho kutoka katika chenye mwisho! Subhanallah. Mbona sikulifikiria hilo?" Akakohoa, akapumzika, halafu akauliza, "Basi yangu ni yapi, Ramla?"

"Miti ni yako. Matunda ni yako. Na kila ndege aliyedonoa na kila mpita njia aliyekula, sadaka yake ni yako, na hiyo haina mkataba."

Dhakwani akamshika mkono. "Nimekufungua kutoka katika wasia wangu. Nizike pamoja na Waislamu wenzangu."

Hazikupita siku nyingi akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wakamzika katika makaburi ya umma, nyuma ya mji, mahali pakavu pasipo na mti. Ramla alitoka huko akihisi kama aliyemwacha mumewe kwa wageni. Na maneno ya watu hayakumwonea huruma. Jundubu alisema kila mahali, "Mwanamke huyu amemnyima mumewe fungu la udongo, na amemfukarisha bintiye." Lubaba alilia kwa kuyasikia hayo. Mama yake akamfuta machozi, na yeye mwenyewe akasubiri.

Muda wa mkataba ukaisha. Baitulmali ikamtuma msimamizi mpya wa ardhi, jina lake Naufali, ayatembelee mashamba yote ya mtoni kwa miguu. Alipofika kwa Ramla alikuwa amechoka na uso umekunjamana. Baada ya salamu akasema, "Haya, mama, nionyeshe kaburi."

"Hapa hakuna kaburi."

"Hakuna?" Naufali akageuka huku na huku. "Tangu darajani hadi hapa, kila shamba ambalo muda wake umekwisha nimeonyeshwa kaburi. Nimeanza kudhani hewa ya huku inaua. Ajabu ni kwamba watu hufa zaidi mwaka wa mwisho wa mkataba. Wewe hukufiwa?"

"Nimefiwa na mume wangu. Nimemzika mjini."

"Ulijua kwamba ungemzika hapa, maafisa wasingeligusa shamba lako?"

"Nilijua."

"Na unajua kwamba sasa naweza kukutoa?"

"Naam. Haki yangu ilikuwa ya muda, na muda umekwisha. Nipe fursa nikusanye vyombo vyangu."

Naufali alimtazama kama mtu aliyeona kitu ambacho hakukitarajia. Akamwambia asifungashe kitu, akaenda moja kwa moja kwa Kadhi Miswari.

Kadhi akawaita wapangaji wote uani mwa msikiti, akamtaka kila mmoja aape ni nani aliyelala shambani kwake. Hapo ndimi zikawa nzito. Mmoja akaomba asiapishwe. Wa pili akakiri kwamba kaburi lake ni rundo la kokoto alilolipaka chokaa. Wengi wakawafuata hao wawili. Jundubu aliapa, na kiapo chake kilikuwa cha kweli, kwa kuwa baba yake alikuwemo.

Kadhi akahukumu kwamba aliyezikwa hatafukuliwa. Kaburi litaachiwa nafasi yake na njia ya kulizuru, na sehemu nyingine yote ya shamba itarudi Baitulmali ikodishwe upya kwa waaminifu. Kisha Naufali akatangaza kwamba Ramla amepewa mkataba mpya, na akitaka ataongezewa shamba la Jundubu lililopakana naye.

Jundubu akainama. Ramla akasimama nyuma ya safu za wanawake akasema, "Ewe Kadhi, mpangaji ana haki ya kumwombea mpangaji mwenziwe?"

"Sijui sharti linalomkataza."

"Basi namwombea Jundubu akodishiwe tena shamba lake. Alikosa kwa kuzika, lakini hakudanganya kiapo. Ardhi ile anaijua, na Baitulmali haitanufaika ikimpa asiyejua kuilima. Tena mzazi wake yumo mle. Ni vyema mwanawe awe karibu amwombee dua."

Kadhi na Naufali wakashauriana, wakakubali, kwa sharti kwamba njia ya kaburini isifungwe kwa yeyote. Jundubu alimfuata Ramla hadi mlangoni. Akasema, "Nifundishe namna ya kuuliza."

Ndugu zangu katika imani, tumezoea kuwaendea wanavyuoni baada ya kutenda, tukitafuta udhuru. Mwanamke huyu alikwenda kabla, akiwa na mume mahututi na riziki yake ikiwa hatarini, akitafuta mpaka. Na alipoonyeshwa mpaka, alisimama hapo. Mwenyezi Mungu atujaalie maswali ya namna hiyo, na atupe nguvu ya kuyastahimili majibu yake.